Unataka Kuuza Spea za Kompyuta Mtandaoni? Usianze na Rangi ya Tovuti

Jumamosi moja mwaka jana mteja alitoka Rongai hadi katikati ya jiji kuchukua RAM aliyokuwa ameshailipia kwenye tovuti. RAM yenyewe ilikuwa imeuzwa saa moja kabla, kwa mtu aliyeingia dukani na pesa mkononi. Kipande kilikuwa kimoja tu. Tovuti ilikiuza, na kaunta pia ikakiuza. Jamaa alisimama pale akiangalia ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, halafu akamuuliza beshte yangu, “Sasa bosi, mimi nimelipia nini?”

Swali lile lilikuwa langu. Duka ni la beshte yangu, kaduka ka ghorofa ya pili karibu na Luthuli Avenue, lakini aliyechagua programu ya kuendesha ile tovuti ni mimi. Niliichagua kwa sababu ilikuwa inang'aa. Picha zinateleza, vitufe vina kivuli, kwa simu inakaa fiti. Mimi si mtu wa shahada, niliacha chuo nikajifunza kutengeneza tovuti kwenye YouTube, na nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba naweza. Alinilipa. Akawa analipa pia ada ya kila mwezi, kwa dola.

Siku hiyo alirudisha pesa, akaongeza nauli ya Rongai kutoka mfukoni mwake. Ilikuwa mara ya nne mwezi huo. Jumatatu tukaizima tovuti, na kwa wiki mbili hivi tulikuwa tunasalimiana tu kwa heshima.

Kwa hivyo kama una stoku yako ya RAM, SSD, betri na chaja, na umeanza kuangalia programu za biashara mtandaoni, nisikize kidogo kabla hujatoa doo. Nitakueleza kile ambacho ningemwambia beshte yangu siku ya kwanza.

Tofauti na nguo, spea haina “inakaribiana”. Fulana ikiwa kubwa kidogo mteja ataivaa hivyo hivyo. RAM isiyo yake haiingii. Chukua HP EliteBook 840, ile laptopu ya ex-UK ambayo imejaa kila duka mjini. Mteja anakuandikia, “Niaje, uko na RAM ya 840?” Hilo swali halijakamilika. 840 G1 na G2 zinatumia DDR3L. G3 inatumia DDR4. Kwa macho ya mtu wa kawaida vipande hivyo viwili ni ndugu, lakini cha laptopu cha DDR3 kina pini 204 na cha DDR4 kina 260, na ule mkato wa chini hauko mahali pamoja. RAM ya kompyuta ya mezani nayo ni ndefu zaidi, ya DDR4 ina pini 288, na kuna mtu kila wiki anainunua akidhani ataibana kwenye laptopu.

SSD ndiyo noma zaidi. Zile ndogo za M.2 zinafanana sana, upana milimita 22 na urefu 80, lakini moja inazungumza SATA na nyingine NVMe. Kuna laptopu zinazokubali moja tu. Chaja za HP pia, kuna kichwa kinene cha milimita 7.4 na kile chembamba cha buluu cha 4.5. Mteja ataandika “chaja ya HP”, atalipa, atangoja mzigo ufike Kitale, kisha atakupigia simu akiwa na hasira. Nauli ya kwenda na kurudi ni yako, au ugomvi ni wenu wawili.

Sasa rudi kwenye programu. Jaribio la kwanza ni hili: mteja akiandika “840 G3” kwenye kisanduku cha kutafuta, je, ataona vitu vinavyoingia kwenye 840 G3 pekee? Ile tovuti yangu inayong'aa ilimwonyesha kila kitu chenye neno HP, mpaka mfuko wa laptopu. Unataka programu inayokuruhusu kuipa kila bidhaa sifa zake, yaani aina, kizazi, ukubwa, inafaa mashine gani, mpya au iliyotumika, halafu mteja aweze kuchuja kwa sifa hizo. WooCommerce ina mpangilio wa sifa. PrestaShop inao, OpenCart inao. Miundo mingi ya bei rahisi, iliyotengenezwa ikiwaza viatu na mafuta ya nywele, inakupa “saizi” na “rangi” basi.

Na hata programu nzuri haitakujazia hizo sifa. Kabla hujajisajili popote, fungua jedwali kwenye kompyuta yako uandike stoku yote. Sisi tulitumia usiku tatu, chai na mandazi, tukisoma maandishi madogo kwenye vibandiko vya RAM kwa tochi ya simu. Tuliweka safu ya namba yetu ya bidhaa, aina, inafaa mashine zipi, bei tuliyonunulia, bei ya kuuzia, idadi, waranti ya siku ngapi. Hapo ndipo tuligundua kuna betri 11 ambazo beshte yangu hakuwa anajua anazo. Jedwali hilo ukilihifadhi kama faili ya CSV, programu nyingi zitalimeza lote mara moja. Ukihama programu kesho, unaondoka nalo.

Usipoweza kuhama na data yako, hiyo programu ikatae, hata kama ni ya bure.

Jambo la pili ndilo lililomleta yule jamaa wa Rongai bure: hesabu ya kipande cha mwisho. Muuzaji wa vipuri hana vipande 500 vya kitu kimoja. Ana kimoja cha hiki, viwili vya kile, mazabodi moja ya mashine ambayo haitengenezwi tena. Kwa hivyo kaunta na tovuti lazima zisome daftari moja. Ukiuza kwa kaunta, ingiza kwenye mfumo hapo hapo, hata kama mteja amelipa pesa taslimu, hata kama ni binamu yako. Kusema kweli hapa kosa halikuwa la programu peke yake. Beshte yangu alikuwa anaandika mauzo ya kaunta kwenye daftari la karatasi na kuyaingiza kwenye tovuti jioni, akikumbuka. Mimi sikuwahi kumuuliza anauzaje. Nilimuuliza anapenda rangi gani.

WooCommerce ina mpangilio mmoja ambao wengi wanaupita bila kuuona. Oda ikiwa haijalipiwa, mfumo unaweza kumshikia mteja kile kipande kwa dakika unazotaka wewe, halafu ukaifuta oda na kukirudisha kipande sokoni. Ukiiacha ilivyokuja, ni dakika 60. Kwa kitu kilichobaki kimoja, saa nzima ni ndefu mno, maana mtu anaweza kubonyeza, akasahau, na wewe ukakosa mnunuzi wa kweli. Sisi tuliweka 15. Hakikisha pia umekataza oda za kitu kilichoisha.

Halafu kuna namba za siri za vifaa, zile zilizochapishwa kwenye kibandiko cha kila SSD. Mwaka huo huo msee fulani alinunua SSD ya GB 512, akarudi baada ya siku tano na SSD ya aina ile ile iliyokufa. Ilikuwa ile tuliyomuuzia? Tulishuku sivyo. Lakini risiti ilikuwa imeandikwa “SSD 512” tu, na waranti ilikuwa ya siku 30. Tukampa mpya. Faida ya vipande kumi hivi ikaenda na maji. Siku hizi namba ya kifaa inaandikwa kwenye kila oda kabla mzigo haujafungwa. Kwenye WooCommerce utahitaji plagini ya ziada, au uiandike kwenye sehemu ya maelezo ya oda kama sisi. Odoo, mfumo uliotoka Ubelgiji, unafuatilia namba hizo wenyewe, na una tovuti, kaunta na stoku chini ya paa moja. Toleo lake la Community ni la bure. Ningeuangalia kwa makini ningekuwa na matawi mawili na mfanyakazi wa kushughulikia seva. Kwa duka la futi sita ni mzigo.

Tuongee pesa. Programu hizi ziko za aina mbili, za kukodi na za kumiliki. Shopify ya Kanada ndiyo inayojulikana sana kati ya zile za kukodi. Waanzilishi wake walikuwa wanauza mbao za kutelezea kwenye theluji, wakakosa programu ya kuwafaa, wakajiandikia yao. Ukikodi hulali ukiwaza seva wala wadukuzi, na hilo si jambo dogo. Shida ni hesabu za kwetu. Huduma yao wenyewe ya malipo haiwafikii wafanyabiashara wa Kenya, kwa hivyo unatumia kampuni nyingine ya malipo, na wanakukata ada juu ya kila oda kwa sababu hiyo. Kwa kifurushi cha Basic ni asilimia 2.

Asilimia 2 inasikika kama vumbi. Tuseme unauza RAM kwa shilingi 3,000 na faida yako ni 300. Asilimia 2 ya 3,000 ni bob 60. Tuseme kampuni ya malipo nayo inachukua asilimia 3, hiyo ni bob 90. Ushatoa 150, nusu ya faida, na bado hujalipa ada ya mwezi wala rider. Anayeuza pete za fedha zenye faida mara tatu hatahisi chochote. Wewe wa spea utahisi. Kokotoa kwa faida yako mwenyewe, usikokotoe kwa bei.

Za kumiliki ndizo WooCommerce, OpenCart, PrestaShop, Magento. Programu yenyewe unapata bure, unalipia jina la tovuti na nafasi kwenye seva. Magento iache. Adobe waliinunua 2018 na ni mashine ya kampuni kubwa. Seva ya bei rahisi itapiga magoti kabla ya mteja wa kwanza. OpenCart ni nyepesi na inafaa, ila utatafuta sana fundi ukikwama. WooCommerce ilitoka 2011 ikiwa plagini ya WordPress, Automattic wakainunua 2015, na sababu yangu ya kuichagua si ya kitaalamu hata kidogo: Nairobi imejaa vijana wanaoijua. Mimi nikipotea, nikipata kazi Mombasa au nikigongwa na matatu, beshte yangu atampata mtu mwingine kabla ya Ijumaa. Muulize fundi wako swali hilo. “Ukitoweka, nani ataendelea?” Akikasirika, umeshapata jibu.

Lakini bure ina gharama yake. Wewe ndiye wa kuifanyia masasisho, wewe ndiye wa kuweka nakala ya akiba. Na tafadhali, usiniletee ile tabia yetu ya mtaa ya kutafuta plagini ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Ile faili imepitia mikono ya mtu, na mtu huyo hakuivunja kwa huruma. Wateja wako watakuwa wakielekezwa kwenye kurasa za kamari na wewe hujui.

Je, unahitaji tovuti kweli? Kama una bidhaa 30, hapana. WhatsApp Business ni ya bure, katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500, na mteja Mkenya anapenda kuongea kabla ya kulipa. Jumia na Jiji zitakuletea macho mengi, ila mteja anabaki wa kwao. Tovuti inaanza kuwa na maana siku unapojikuta unajibu “iko na G3?” mara arobaini kwa siku na usiku wa manane. Sisi tulikuwa tumefika hapo.

Sehemu ya M-Pesa ndiyo ningekaa nayo zaidi. Kuna njia ya kivivu, ambayo ndiyo niliyoitumia mara ya kwanza: unaandika namba ya Till kwenye ukurasa, mteja analipa, anakutumia ujumbe, wewe unaamini. Ujumbe wa M-Pesa unaweza kuandikwa na mtoto wa darasa la sita. Njia ya pili ni kuunganisha tovuti na Daraja, mlango ambao Safaricom wamewafungulia waandishi wa programu. Mteja akibonyeza “lipa”, ombi linajitokeza kwenye simu yake likiwa na kiasi kamili, anaweka PIN, na Safaricom wanaijulisha seva yako moja kwa moja kwamba pesa imeingia au haikuingia. Oda inahesabiwa imelipwa pale tu taarifa hiyo inapofika kutoka kwao. Mteja akitunga ujumbe wake, anatunga bure.

Kwa hivyo unapochagua programu, usiulize tu “inakubali M-Pesa?” Wote watasema ndiyo. Uliza, taarifa ya Safaricom ikichelewa itakuwaje? Mteja akiweka PIN mbaya? Simu ikizima katikati? Plagini nzuri inaiacha oda ikingoja na kumpa mteja nafasi ya kujaribu tena. Mbaya inatengeneza oda mbili, au inasema “asante kwa kununua” wakati hakuna kitu kimeingia. Kuna plagini nyingi za M-Pesa za WooCommerce, kutoka kwa waandishi mbalimbali. Angalia ilisasishwa lini mara ya mwisho na soma malalamiko ya watu, usisome nyota.

Na Till au Paybill iwe kwa jina la biashara yako. Funguo za Daraja zikae kwako. Nimeona tovuti ambayo pesa za mauzo zilikuwa zinaingia kwa Till ya fundi, eti “nitakutumia jioni”. Usikubali hata siku moja, hata fundi awe mimi.

Haraka haraka, mambo mawili ya serikali. Ofisi ikikununulia RAM ishirini, itataka ankara ya eTIMS ya KRA, kwa sababu bila hiyo gharama yao haihesabiwi kwenye kodi. Jua mapema kama mfumo wako utaunganishwa nayo au utaitoa kwa mkono kila mara. Na zile namba za simu za wateja ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtu aliyenunua chaja hajaomba salamu za Krismasi.

Picha piga mwenyewe. Piga kibandiko kionekane, kisha uipunguze uzito, maana mteja wako yuko kwenye matatu ana bando la bob 20. Ile picha safi ya kiwandani uliyoitoa mtandaoni haimwambii kama kipande chako ni kipya ama kilitolewa kwenye mashine iliyokufa.

Tulirudi hewani mwezi wa tatu baada ya kuzima. Usiku wa kabla ya kufungua tuliweka bidhaa ya uongo, bei shilingi 10, idadi moja, tukaishambulia. Nililipa kwa PIN mbaya. Nikalipa tena nikazima simu kabla sijaweka PIN. Beshte yangu akawa kwa laptopu, mimi kwa simu, dada yake kwa simu nyingine, tukahesabu tatu tukabonyeza “nunua” wote pamoja. Plagini ya kwanza ilituuzia wote watatu. Tukaitupa. Ya pili ilimuuzia dada yake, sisi wawili ikatuambia kitu kimeisha.

“Hiyo ndiyo,” beshte yangu akasema, akaenda kulala. Mimi nikabaki nikibadilisha rangi za vitufe.